Mbwa wa Kuazima

Jumanne, 12 Julai 1994

Kutoka Kenol mpaka Doldol hakuna mwanamume mwenye bahati kama yangu. Naandika nikiwa nimeshiba matumbo na ugali, kwa hivyo si njaa inayosema.

Iko hivi. Mke wangu Waithira yuko na mimba yetu ya kwanza, mwezi wa nane sasa, anatembea kama gunia la viazi lililoota miguu. Ni yeye alisema hivyo, si mimi. Leo nimefunga bucha, nikavaa koti la harusi, nikampeleka kliniki Nyeri. Sista wa huko anaitwa Karimi, Mmeru, mfupi, sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Akasoma karatasi ya damu mara mbili. Akasema mama huyu ni O, negative, na watu wa damu hiyo huku kwetu ni wachache kama meno ya kuku. Halafu akauliza: na baba je? Maana baba akiwa positive, mtoto anaweza kutoka positive, na hapo ndipo shida. Si kwa huyu wa kwanza. Kwa wale watakaomfuata.

"Na baba akiwa negative?" nikauliza.

"Hapo mnaenda nyumbani mnakunywa chai. Negative na negative huzaa negative, basi. Lakini mke na mume namna hiyo, tangu nianze kazi, sijaona."

"Leo umeona, sista. Mimi ni negative."

Hata mama aliyekuwa akipimwa uzito aligeuka, mizani ikayumba. Sista akauliza nilipimwa wapi. Nanyuki, nikasema, eighty-six, nilipoenda kuandikwa jeshi. Na karatasi iko wapi? Nikamwambia jeshi halirudishi karatasi, sista, wakati mwingine halirudishi hata vijana. Akaandika kwenye kadi ya Waithira — kwa penseli! — halafu ati nirudi Alhamisi anitoe damu kidogo, ahakikishe. Nikasema sawa.

Sasa angalia. Mtu anatafuta mke Tetu nzima, anachukua mmoja tu, na damu zinashikana kama sufuria na kifuniko chake. Kama hiyo si bahati, basi sijui kuchinja.

Alhamisi, 14 Julai

Sikuenda kliniki. Kulikuwa na ng'ombe wa kuchinja. Mtu hawezi kuacha nyama ikining'inia ati anaenda kutolewa damu. Damu leo nimeona ya kutosha.

Lakini hapa kwetu Wamagana nzima ilikuwa imeshajua. (Nani aliwaambia? Mimi.) Kwanza waliposikia "kupimwa damu" wakasogea nyuma, siku hizi kila mtu anafikiria ule ugonjwa. Nikawaeleza hii ni kitu kingine, mtu anazaliwa nayo, kama masikio. Nikawapa somo bure, mtu akinunua nusu kilo.

"Mbuzi mweupe ukimpandisha mbuzi mweupe, utapata mweusi?"

Hapana, wakasema.

"Haya! Wamae negative, Waithira negative, mtoto negative. Akitoka positive, muulizeni jirani!"

Walicheka mpaka mzee mmoja akasahau nyama yake kwenye mizani. Dada yangu Gathoni alicheka kuwashinda wote. Halafu nikamsikia akirudia pole pole, kama mtu anayekariri mstari wa Sunday school: akitoka positive, muulizeni jirani.

Rafiki yangu Mutahi alikuwepo, ameleta mbuzi wa bucha kwa pikapu yake kutoka Doldol. Tunamwita Farasi. Mwaka juzi nyoka alimwuma huko, kwenye kifundo, mguu ukavimba kama gogo la mti. Hospitali wakamdunga seramu, na seramu ya nyoka hutoka kwa farasi — wanamdunga farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yake inajifunza kupigana nayo, halafu wanachota yale maji ya damu wanakupa wewe. Akapona kabisa. Wiki moja baadaye akatoka upele mwili mzima, viungo vikamwuma, tukasema ni farasi anatafuta mlango wa kutokea. Mtu mzuri. Mdomo mbaya. Leo akaniuliza mbele ya watu: Wamae, si wewe huogopa sindano? Nikamwambia anyamaze au nimuuzie nyasi.

Jumatatu, 18 Julai

Brazil! Nilisema! Tangu mwezi wa sita nilisema Kombe la Dunia ni la Brazil, kila mtu pale baa ni shahidi, isipokuwa wale niliowaambia Italia.

Kichwa kinauma. Waithira ameninyima uji.

Jumatano, 27 Julai

Baridi ya kuvunja meno. Ukungu umekalia mashamba kama kuku anayeatamia. Mlima sijauona tangu Jumapili iliyopita.

Tumerudi kliniki. Kadi bado ni ya penseli. Sista Karimi akanishika getini, akaniambia leo sikwepi. Nikamwambia sawa, lakini mtu msomi kama mimi hatolewi damu kama kuku, kwanza anaelezwa. (Nilifika darasa la saba, lakini nililifanya mara mbili, kwa hivyo ni kama la nane.) Akavuta pumzi, akaketi. Huyu mwanamke ana moyo. Ningekuwa yeye ningemdunga Wamae akiwa bado anasema.

"Baba, nyumbani uko na mbwa?"

"Niko naye."

"Mgeni akiingia mara ya kwanza, mbwa anashtuka, anachelewa kubweka, mgeni ameshaenda zake. Lakini harufu ameishika. Mgeni huyo akirudi?"

"Anamrarua."

"Sasa damu ya mama ndiyo boma. Siku ya kuzaa, damu kidogo ya mtoto inaingia kwa mama. Kama mtoto ni positive na mama ni negative, mbwa wa mama anashika hiyo harufu. Huyu mtoto ameshatoka, yuko salama. Mtoto wa pili akiwa positive pia, ndiye anararuliwa. Huko huko tumboni."

Nikalishika tumbo la Waithira mbele ya sista. Mimi!

"Kwa hivyo tunaazima mbwa," sista akasema.

Mbwa wa nani, nikauliza.

"Wa watu wengine, wale ambao damu yao ilishajifunza. Inatolewa seramu yao, tunamdunga mama kabla siku tatu hazijaisha baada ya kuzaa. Hao mbwa wa kuazima wanammaliza mgeni mara moja, halafu wanaenda zao. Mbwa wa mama haamki hata kidogo. Inaitwa Anti-D."

Nikauliza kama haina farasi ndani. Akasema ni watu watupu. Nikasema afadhali, nyumba yetu haina zizi. Waithira alicheka mpaka akashika mgongo. Halafu sista akageuka kuchukua bomba la sindano, na papo hapo nikakumbuka nimeacha bucha wazi.

Njiani Waithira hakuwa akicheka tena.

"Wewe. Hiyo Nanyuki. Walikupima kweli?"

"Kweli."

"Maana baba anangoja."

Baba yake ni Mzee Gicheru. Na kungoja kwake nakujua. Kwetu mtoto hapewi jina la kuokota gazetini. Msichana wa kwanza ni mama yangu, Kabura, Mungu amrehemu, na anarudi kupitia kwake. Mvulana wa kwanza ni baba yangu. Ndipo wale wa kufuata wanakuwa wazazi wa Waithira. Na Waithira ni mtoto wa pekee. Mzee Gicheru akikosa kuzaliwa kwetu, hazaliwi kwingine, jina linazikwa naye. Krismasi aliniambia hana haraka, lakini magoti yake yana haraka.

Nikamwambia Waithira asiogope. Bahati yetu haihitaji mbwa wa mtu.

Jumamosi, 6 Agosti

Sista Karimi ametuma neno tena na mama wa mboga. Ati hiyo sindano Nyeri haiko, lazima iagizwe Nairobi, na isafiri kwa baridi. Kama baba hataki kupimwa, basi aagize tu, iwe tayari.

Nikasema hiyo ni kumnunulia bata koti la mvua. Mama wa mboga alicheka. Waithira alikuwa akikunja vitambaa vya mtoto. Alikunja kimoja, akakikunjua, akakikunja tena.

Nimempa mjane wa kule chini mifupa ya supu, na nyama juu yake kidogo, bure. Akasema Mungu akuongezee. Aniongezee nini? Niko na kila kitu.

Jumatano, 17 Agosti

MSICHANA!

Mchana, saa ya watu kutoka kula. Nilikuwa nje ya wodi, kwenye benchi, nawaambia wanaume wengine jinsi ya kutulia, mara mlango ukafunguka nikaanguka kutoka kwenye benchi. Niliteleza. Waliosema nilizirai walikuwa wamekaa vibaya.

Kabura! Mama amerudi na hasira zake zote, analia kama anayedai mtu. Na kidole gumba — hiki! — kipana kama kijiko, kile cha mama, kile changu mimi. Nilikiweka kando ya changu. Kimoja kikubwa kimoja kidogo, basi. Nikalia kidogo. Hapa naweza kuandika.

Waithira amechoka lakini anaangaza kama taa iliyosafishwa kioo. Aliniambia, "Umeona? Nimekuletea mama yako." Nikamwambia nimechinja mbuzi.

Kule soko wamama wamepiga ngemi, vile vigelegele vyetu, mpaka mbwa wakajibu. Gathoni anakuja kesho na shali ya sufu, kumpokea mama rasmi.

Wamechota damu ya kitovu, wakapime. Wapime tu.  

Alhamisi, 18 Agosti

Positive.

Sista Karimi alisema pale pale wodini, kwa ile sauti yake. Mtoto ni positive, baba, sindano ya mama iko wapi?

Gathoni ndiye alikuwa amembeba. Alikuwa ameshaanza kumwita Kabura. Akamrudisha kitandani pole pole, kama mtu aliyechukua sahani akidhani ni yake, akagundua siyo.

"Akitoka positive," akasema, "tumuulize nani?"

Kitanda cha pili kuna mteja wangu. Mnunuzi wa maini. Nikamsikia akimnong'oneza mwenzake: ni hivyo, mweupe kwa mweupe, alituonyesha mwenyewe pale bucha. Alilishika somo vizuri kuliko mimi nilivyolishika la mwalimu yeyote!

Gathoni akasema jina la mama yetu haliwekwi kwa mtoto wa barabara. Akaweka shali chini ya kwapa, bado iko kwenye karatasi ya duka. Sista akasema kwanza apimwe baba, mambo ya penseli yaishe. Wote wakanigeukia.

Na mimi, mdomo wa Wamagana, nilisema nini? Nilisema labda mashine ya hospitali imekosea.

Waithira hakulia. Aliniangalia tu. Si kwa hasira. Kama mtu anayengoja zamu yake kwenye foleni.

Nikatoka nje. Mutahi alikuwa uwanjani akiteremsha mbuzi wa zawadi ya mtoto. Nikampa karatasi ya sista ya kuagiza dawa, nikamwambia aende Nairobi, sasa hivi, kuna sindano.

"Si ulisema haihitajiki?"

"Enda."

"Kwani Wamae, unajua nini?"

"Farasi, enda!"

Akaenda. Hakuuliza hata nani ataweka petroli. Aliacha mbuzi wawili wamefungwa kwenye mlingoti wa bendera wa hospitali, na chupa ya chai ya bibi yake akaimwaga chai, ati ataweka barafu humo.

Bucha nimefunga. Hakuna aliyekuja kununua. Walikuja kuangalia.

Ijumaa, 19 Agosti

Niko kwenye benchi lile lile, mlango wa wodi uko wazi mbele yangu. Kitabu hiki nimekitoa mfukoni ili nionekane niko na kazi.

Siku tatu zinaisha kesho mchana. Mutahi amepiga simu ofisi ya hospitali. Sindano ameipata! Lakini amekwama njiani, Kenol, mshipi wa feni umekatika, fundi ameenda kutafuta mwingine. Barafu ya chupa imekuwa maji. Sista Karimi akamnyang'anya karani simu: enda baa yoyote ya soda, uombe barafu, na uifunge hiyo dawa na gazeti isiguse barafu yenyewe, ukiigandisha umeua! Hata Kenol walisikia bila simu. Mutahi ati akajibu, sista, mimi ni farasi, nikishindwa nitakuja nikikimbia. Huyu mtu nilimwambia nitamuuzia nyasi.

Mzee Gicheru alifika asubuhi. Amevaa koti lake refu na kofia ya kanisani. Nilitaka anitukane. Akanisalimia! Akauliza mbuzi wangu wako aje. Halafu:

"Mwana wangu, nilikupa mtoto mmoja. Sikuwa na wa akiba. Kama amekushinda, sina haja ya kesi, nipe nimrudishe nyumbani na huyu mdogo."

Akainama juu ya mtoto, akakishika kidole gumba, akakigeuza.

"Hiki mimi nakijua," akasema. "Mama yako alinipimia maharagwe na kidole hiki sokoni miaka mingi, kikiwa ndani ya kopo, akiniibia. Lakini mimi ni mzee. Macho yangu si hospitali."

Waithira alisema kitu kimoja tu, na hakukisema kwa sauti.

"Wamae, mimi siwezi kukusemea."

Anajua. Nafikiri alijua tangu penseli. Angeweza kusema huyu ni mwongo, muulizeni Nanyuki, na mambo yangeisha. Ananingoja mimi. Wamemwita malaya wodi nzima, kwa maneno yangu, na bado ananiachia mlango wazi niingie mwenyewe.

Nanyuki basi. Nilikuwa kwenye foleni na kaptura, kifua mbele, nawachekesha wenzangu. Kijana aliyekuwa mbele yangu akanyoosha mkono, nikaona sindano ikiingia. Nilipoamka askari alikuwa akinimwagia maji ya ndoo, na foleni ilikuwa imeshaisha. Hawakunitoa tone. Mimi naingia kwa damu ya ng'ombe mpaka kwenye viwiko, nikipiga mluzi! Lakini yangu mwenyewe iko ndani, imetulia, mbona mtu aiamshe?

Na hiyo negative? Sista alisema mke na mume namna hiyo hajaona. Basi. Hiyo ndiyo sababu yote. Angesema hajaona mtu mwenye mkia, ningesema ninao.

Mzee ameinuka. Anamsaidia Waithira kuvaa viatu, amepiga magoti na yale magoti yake. Gathoni yuko mlangoni, mikono kifuani, shali bado kwenye karatasi, anasubiri nimuunge mkono. Mteja wa maini amekaa kabisa kitandani asikose kitu. Wodi nzima iko masikio. Mahali pazuri pa mtu kusema ukweli, kama sokoni siku ya soko!

Sista Karimi ananiita. Bomba la sindano mkono mmoja, mkono mwingine kadi, na kifutio. Anasema nianze na mkono gani, baba?

Nimekunja shati. Mkono wa kushoto, maana wa kulia unaandika.

Nikisimama nitasema kwa sauti, wasikie mpaka Kenol. Kwanza niandike hapa, kwa sababu hata hapa, ukurasa wa kwanza, nikiwa peke yangu na hakuna wa kumdanganya, nilidanganya.

Sina damu ya nadra. Sijawahi kupimwa.